Dira Inapovutwa na Chuma

Baadhi yetu tunatafuta shamba Timau, na ugomvi wa mipaka twaujua. Sisi wa reli hatuiamini dira karibu na reli. Timau hakuna reli, lakini mawe meusi ya Mlima Kenya ni ya volkano, yana chuma ndani, nayo huvuta sindano. Basi mpima ardhi asome kila mstari kutoka ncha zote mbili. A kwenda B digrii 40, kurudi 220: tofauti 180, ncha zote twazihesabu safi. B kwenda C 95, kurudi 278: B ni safi, basi C imezidisha 3. Kila kipimo kilichosomwa C kipunguzwe 3, ndipo tuendelee D. Kigingi kisipigwe kabla ya hesabu hiyo. Na mwenye panga asimame mbali!