Modeli ya Maporomoko: Nguvu Zake, na Habari Mbaya Zinazochelewa



Mwaka 1970 Winston Royce, mhandisi wa kampuni ya TRW ya Marekani, alichapisha andiko kuhusu usimamizi wa programu kubwa za kompyuta. Alichora hatua zikishuka moja baada ya nyingine: mahitaji, uchambuzi, usanifu, uandishi wa msimbo, majaribio, kisha matumizi. Mchoro huo ndio baadaye ulioitwa modeli ya maporomoko. Yeye hakulitumia jina hilo. Wala hakupendekeza mchoro utumike jinsi ulivyo. Alionya pale pale kuwa kwenda hivyo ni hatari, akashauri programu isiyo na mfano itengenezwe mara mbili, ya kwanza iwe ya kujifunzia. Wengi wetu tulifundishwa mchoro, onyo tukaachiwa tulitafute wenyewe.

Nguvu za modeli hii zipo, na sioni sababu ya kuzidharau. Kila hatua huacha hati, hivyo mtaalamu akihama kazi, anayempokea ana pa kuanzia. Mhasibu anajua fedha zitatoka lini na kwa kazi ipi. Mfumo wa mishahara unaifaa sana: viwango vya kodi na makato vimeandikwa katika sheria, na karani hana hiari ya kuvibadili.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye majaribio kuwekwa karibu na mwisho. Royce aliliona hilo: kasi ya mfumo, nafasi ya kuhifadhi data na mawasiliano na vifaa vingine hukutana na hali halisi kwa mara ya kwanza katika hatua hiyo, wakati usanifu umeshafungwa na fedha nyingi zimeshatumika. Kosa la ufundi angalau hujitokeza lenyewe. Kosa la mahitaji ni gumu zaidi, kwa sababu mfumo unaweza kufuata hati neno kwa neno na bado usimfae mtu.

Chukueni mfano wa M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu. Jaribio lake lilipoanza Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu warejeshe mikopo yao kwa simu. Wateja wasiofika 500 walipewa huduma hiyo, nao wakaanza kutumiana pesa kwa mambo yao wenyewe. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikotangazwa. Je, kama hati ya mahitaji ingesainiwa na kufungwa mwaka 2004? Tungepata mfumo safi wa kurejesha mikopo.

Tatizo letu la kufunga mahitaji mapema, kwa maoni yangu, liko zaidi kwenye zabuni za mifumo kuliko kwa watengeneza programu. Zabuni ya bei moja hudai kila kitu kijulikane kabla ya mkataba, na anayesaini mahitaji huwa mkurugenzi, ilhali atakayeutumia mfumo ni karani wa dirishani. Mzabuni akigundua kasoro katikati, kuinyamazia kuna nafuu kwake kuliko kuomba mkataba urekebishwe.

Napendekeza zabuni za mifumo mipya ziwe na sehemu mbili zenye malipo tofauti: kwanza toleo la majaribio katika kituo kimoja, likitumiwa na makarani wenyewe, kisha mkataba mkuu, utakaoandikwa baada ya matokeo hayo kusomwa. Kwa mifumo ya mishahara, utaratibu wa sasa wa zabuni ya bei moja ubaki ulivyo.