Hotuba Juu ya Deni la Kodi ya Mapato



Twaomba ruhusa kunena juu ya deni la kodi ya mapato. Mwenzetu mmoja mwenye duka alificha barua za kodi sandukuni mwaka mzima. Alipokwenda benki kutoa karo ya watoto, aliambiwa fedha zake zimezuiwa kwa amri ya Kamishna.

Deni hili halilali. Aliyechelewa kulipa shilingi 60,000 hutozwa adhabu ya asilimia 5, yaani shilingi 3,000, na riba ya asilimia 1 kila mwezi, yaani shilingi 600. Mwaka ukiisha, adaiwa shilingi 70,200.

Wako wasemao, "Heri tufilisike, tupumzike." Twawasihi wasifanye haraka. Mali ya mufilisi hushikwa na msimamizi ili wadai wagawiwe, wala yeye hawezi kuchaguliwa Bungeni mpaka aondolewe hali hiyo.

Iko njia iliyo bora. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 yampa mdaiwa nafasi ya kumwandikia Kamishna, aombe kulipa kwa mafungu. Lakini riba haisimami, na akikosa fungu moja, salio lote hudaiwa papo hapo. Kwa hiyo na aahidi kile tu akiwezacho.

Ndugu zetu, barua ikija, ileteni tuisome pamoja. Aibu ya kuomba ni ya siku moja. Dawa ya deni ni kulipa.