KOMPYUTA YA TAWI NA KIVINJARI CHAKE
Maneno ya halmashauri mbele ya mkutano wa wanachama



Wengi wenu mmetaka tueleze kwa nini mwezi wa Juni wenzetu walikuja ofisini kupeleka hesabu zao za kodi kwa intaneti, wakarudi nyumbani bila kitu. Twajua maneno yaliyozunguka kiwandani. Kuna walionena kwamba karani ni mvivu, na wengine walisema fedha za bando zimeliwa. Bando lililipwa, na karani alikuwa kitini mwake tangu saa mbili asubuhi. Kosa ni letu sisi halmashauri, na leo twataka kulitaja lilivyo.

Ndani ya kompyuta mna programu inayotuletea kurasa za intaneti. Kiswahili cha vitabuni huiita kivinjari, vijana wa saiba husema brauza. Chrome ni kivinjari, na Firefox pia. Kompyuta yetu, ambayo wazee wa tawi wanakumbuka siku iliponunuliwa, ina Windows 7, na Chrome iliyokuwamo ilikuwa ya mwaka 2016. Iliachwaje hivyo? Kivinjari hujipyaisha chenyewe kikiruhusiwa. Sisi tuliona bando linakwisha upesi, tukamwambia kijana mmoja azime jambo hilo. Akalizima, tukashangilia kwamba tumeokoa shilingi, na hakuna aliyelikumbuka tena.

Basi mwezi wa Juni kila ukurasa ukawa unakataa, ukileta onyo jekundu kwamba mahali hapa si salama. Fundi alipokuja hakugusa intaneti hata kidogo. Alitazama saa iliyo pembeni ya kioo, akacheka. Kompyuta ilidhani tuko Januari 2009. Ndani yake mna betri ndogo ya duara, kama sarafu, inayotunza saa umeme ukizimwa, na hiyo ilikuwa imekufa. Mtauliza, saa ina uhusiano gani na kodi? Kila ukurasa ulio salama huonyesha cheti, na kivinjari hukikagua kama askari wa langoni akaguavyo kitambulisho. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kwa kompyuta inayoamini ni 2009, vyeti vyote vya leo ni vya watu ambao hawajazaliwa. Mwenye taabu kama hiyo nyumbani na atazame saa kwanza kabla hajamwita fundi. Betri yenyewe bei yake ni ndogo, nasi tulikuwa tayari kuomba mchango wa kununua kompyuta mpya!

Saa iliporekebishwa kurasa zilifunguka, lakini nusu nusu. Vitufe vilionekana ila ukivibonyeza havikusikia. Kurasa za siku hizi huandikwa kwa maagizo mapya ambayo kivinjari cha 2016 hakikufundishwa. Na lile lililo baya zaidi halionekani kwa macho. Kivinjari kina matundu, na kila toleo jipya huziba machache. Marekebisho yakitangazwa, wezi nao hupata kujua tundu lilipokuwa, wakawatafuta wasioziba. Sisi tulikaa miaka na matundu hayo wazi, hali ndani ya kompyuta hiyo wanachama waliandika maneno yao ya siri ya kodi na ya NSSF. Wengine waliyaacha yamehifadhiwa humo ili wasisumbuke kuyakumbuka. Tumeyafuta yote. Aliyepata kutumia kompyuta ya tawi kwa kazi hizo, twamwomba abadilishe neno lake la siri wiki hii, tena kwa kompyuta nyingine au kwa simu yake.

Sasa, kupyaisha. Tulidhani ni kubonyeza mara moja tu. Kumbe Microsoft waliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali ni namba 109. Kuanzia namba 110, ya Februari 2023, ilitakiwa Windows 10 au zaidi. Firefox walivumilia zaidi. Toleo lao namba 115, la Julai 2023, ndilo la mwisho kukubali Windows 7, na waliendelea kulipelekea marekebisho ya usalama hata baada ya mwaka 2024. Tena Firefox huja na kitabu chake chenyewe cha vyeti, haitegemei kile cha Windows kilichochakaa. Fundi aliichukua kwa Mozilla wenyewe, kwa kompyuta nyingine, akaileta kwa flashi. Msidanganywe na kurasa zinazopiga kelele kwamba kivinjari chako kimezeeka bonyeza hapa. Hapo ndipo maradhi huingilia.

Hiyo lakini ni nyumba ya kupanga, na siku ya kuhama ipo. Ndugu mmoja amesema tununue kompyuta iliyotumika, ziko nyingi mjini. Tumezitazama. Nyingi zina Windows 10, nayo Microsoft walikomesha utunzaji wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tutatoa fedha za wanachama kununua taabu ile ile ikiwa imevaa koti jingine.

Halmashauri yaona afadhali tuiondoe Windows kabisa, tuweke Linux Mint, ambayo haina ada na hupokea Firefox mpya kila itokapo. Inataka kompyuta ya biti 64, nayo yetu ni hiyo. Inataka kumbukumbu ya kazi isiyopungua gigabaiti 2, lakini wenyewe hushauri 4. Sisi tunazo 2, kwa hivyo kuna kipande cha kununua, pamoja na ile betri. Karani anaogopa kidogo, maana amezoea mambo yalipo. Tumempa wiki mbili za kujifunza kwa flashi, kwa kuwa Linux Mint huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani. Daftari la wanachama litanakiliwa mara mbili kabla fundi hajafuta chochote, na nakala moja itakaa kwa mtunza hazina.

Limebaki lile la faini. Sheria humtoza mtu aliyechelewa baada ya tarehe 30 Juni shilingi 2,000, au asilimia 5 ya kodi yake, kubwa kati ya hizo. Baadhi ya wenzetu waliokuja ofisini kabla ya siku hiyo wametozwa. Walifika mapema, wakarudishwa na kompyuta tuliyoizima masikio wenyewe. Halmashauri yaomba tawi liwalipe shilingi 2,000 kila mmoja, kwa aliyeandikwa katika kitabu cha wageni cha Juni. Tunajua kuna wasioafiki, na waseme sasa. Mtunza hazina atasoma kilichomo sandukuni, kisha tutapiga kura kwa mikono.