Kabla ya Kulipia Kozi ya Kompyuta: Nasaha kwa Anayebadili Kazi

(Mada iliyotolewa msikitini baada ya Swala ya Magharibi, katika mfululizo wa darsa juu ya kutafuta riziki ya halali)

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu,

Nimeombwa nizungumzie masomo ya kompyuta kwa mtu mzima aliyeachishwa kazi, au ambaye kazi yake haimkimu tena. Huenda wapo wanaojiuliza: mwalimu wa madrasa aliyesoma kwa Kiarabu ana nini na mashine hii? Jawabu ni kuwa ninyi wenyewe mnaniuliza. Mara kwa mara baada ya swala hunijia mzee au kijana na karatasi ya tangazo mkononi, akitaka nimwambie ajiunge au asijiunge. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, kuwa anayetakwa ushauri amekabidhiwa amana. Amana hiyo mimi niliwahi kuipoteza, nami nitaanzia hapo.

Kosa nililolifanya

Mwanzoni mwa mwaka 2020 alinijia ndugu mmoja wa jamaa yetu hapa Tanga. Alikuwa karani wa ghala kwa miaka 14, kiwanda kikapunguza wafanyakazi, naye akabaki na kiinua mgongo, mke na watoto wanne. Aliniletea tangazo la chuo kimoja lililoahidi vyeti vya kampuni ya Microsoft na ajira ya haraka. Sikuuliza lolote. Niliona jina kubwa na jengo zuri, nikamwambia: elimu ni nuru, tawakali kwa Allah ukajiunge. Akalipa zaidi ya nusu ya akiba yake siku ileile.

Mwezi Machi vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa mwezi Juni. Alipomaliza masomo mwezi Februari 2021 ndipo alipofahamu mambo mawili. La kwanza, ada aliyolipa ilikuwa ya mafunzo tu. Mitihani ya kampuni hulipiwa kando, tena kwa dola. La pili lilikuwa zito zaidi: vyeti vile, MCSA na MCSE, vilikuwa vimefutwa na kampuni yenyewe tarehe 31 Januari 2021. Habari ya kufutwa ilikuwa imetangazwa takriban mwaka mzima kabla, na bado chuo kiliendelea kufundisha na kupokea ada.

Chuo kina hisabu yake mbele ya Allah, kwani Mtume (s.a.w.) amejitenga na anayedanganya watu katika biashara. Lakini nami nina yangu. Allah (s.w.) katika Surat al-Israa, aya ya 36, anatukataza kufuata tusilokuwa na elimu nalo, na anatukumbusha kuwa sikio, jicho na moyo vitaulizwa. Nilikwenda kwa ndugu yule nikamtaka radhi. Akanisamehe, Allah amlipe kheri.

Anza na kazi, kisha utafute somo

Kosa letu, yeye na mimi, lilikuwa la mpangilio. Tulichagua kozi kwanza, tukategemea kazi ije nyuma yake. Sira inatufundisha kinyume chake. Mtume (s.a.w.) alipohitaji mtu wa kuaminika wa kuandikiana na Mayahudi, alimwamuru Zaid bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi yao. Imepokewa na Tirmidhi kuwa Zaid aliyamudu kwa nusu ya mwezi, kisha akawa anamwandikia Mtume (s.a.w.) barua za kwenda kwao na kumsomea zilizotoka kwao. Tazameni: haja ilijulikana kwanza, somo likachaguliwa kwa kadiri ya haja, na mwanafunzi akapimwa kwa kazi aliyoifanya.

Nabii Yusuf (a.s.) naye, kama tusomavyo katika sura yake, aya ya 55, alipoomba kusimamia hazina za nchi alitaja sifa mbili alizokuwa nazo tayari: uhifadhi na ujuzi. Basi mwenye kubadili kazi na ajiulize: mimi ninajua nini tayari, na kompyuta itaongeza nini juu yake?

Neno "kompyuta" si kazi moja, kama neno "hospitali" lisivyokuwa kazi moja. Kwa ufupi ipo milango minne.

Mlango wa kwanza ni kazi za ofisi: kuandika nyaraka, kutengeneza majedwali ya hesabu na kutumia programu za uhasibu. Mwenye bidii huweza kupata msingi kwa miezi mitatu. Lakini kujua kupiga chapa peke yake hakutoshi tena. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimeenea programu za akili mnemba zinazotunga na kutafsiri maandishi kwa sekunde chache. Thamani imebaki kwa anayejua hesabu, sheria au biashara yenyewe, na anayeweza kulitambua kosa la mashine.

Mlango wa pili ni ufundi wa kutengeneza kompyuta na kuunganisha mitandao. Huu unamfaa aliyezoea kazi za mikono, kama fundi redio au fundi umeme. Haujifunzwi kwa kuandika notisi. Pasipo vifaa vya kufungua na kufunga hakuna somo.

Mlango wa tatu ni uchapaji na usanifu wa mabango, vitabu na picha. Unahitaji jicho zuri, na ushindani wake ni mkubwa.

Mlango wa nne ni kuandika programu. Huu una heshima yake, na asili yake si ngeni kwetu: neno "algorithm" limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Lakini unataka Kiingereza cha kusomea, utulivu wa akili na muda ambao kwa wengi hauwi chini ya mwaka mmoja wa mazoezi ya kila siku. Anayekuahidi kuumaliza kwa wiki sita anakuuzia maneno.

Mambo matano ya kuhakikisha

Kwanza, usajili. Hapa Tanzania chombo cha kuulizwa ni NACTVET, Baraza lililochukua nafasi ya NACTE. Usiridhike na cheti kilichotundikwa ukutani. Uliza ikiwa kozi yenyewe unayoitaka, na sio chuo tu, imeidhinishwa, na kwa ngazi gani. Mafunzo ya ufundi stadi yana ngazi ya 1 hadi ya 3. Ngazi ya 4 na ya 5 ni za astashahada, na ya 6 ni stashahada.

Pili, uhai wa cheti. Vyeti vya kampuni vina ajali yake. CCNA ya Cisco na A+ ya CompTIA hudumu miaka mitatu, kisha huhuishwa. Kabla ya kulipa, hakikisha kwenye tovuti ya kampuni yenyewe kwamba mtihani huo ungali unatolewa, na ujue gharama yake.

Tatu, darasa. Omba kuhudhuria somo moja kabla ya kujiandikisha. Hesabu kompyuta zinazofanya kazi na wanafunzi waliokaa. Ikiwa watatu wanatazama kioo kimoja, mmoja anasoma na wawili wanaangalia. Uliza pia ratiba ya swala, na dada zetu waulize kama lipo darasa lao peke yao.

Nne, waliotangulia. Tafuta watu watatu waliomaliza kozi hiyo, uwaulize wanafanya kazi gani leo. Usitafute wale ambao chuo kimekuchagulia.

Tano, maandishi. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Basi ada, muda, idadi ya saa, mitihani na haki ya kurudishiwa fedha viandikwe na kutiwa saini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Riziki iwe safi

Ndugu zangu, wapo wanaokopa kwa riba ili walipe ada, wakisema ni dharura. Kuongeza ujuzi ni jambo jema, lakini halihalalishi riba. Ombeni kulipa kwa mafungu ya bei iliyokwisha kukubaliwa, pasipo nyongeza ya kuchelewa.

Vilevile mafundi wengi huanza kazi kwa kuwawekea watu programu zilizoibwa. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha 5 kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, lilikwishaamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa kisheria, na haijuzu kuziingilia. Tena zipo programu za bure zilizo halali, kama LibreOffice, zinazotosha kwa kazi nyingi za ofisi.

Kisha iko istikhara. Jabir (r.a.) amesimulia, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari, kuwa Mtume (s.a.w.) aliwafundisha istikhara katika mambo yote. Lakini istikhara si badala ya kuuliza. Uliza wajuzi, pima, kisha swali rakaa zako mbili umwachie Allah yaliyobaki.

Wajibu wetu sisi jamaa

Ndugu yule karani hakubaki pale alipoanguka. Kijana mmoja wa msikiti huu alikaa naye kila jioni kwa miezi mitatu, akimfundisha majedwali na programu ya uhasibu. Kuhesabu bidhaa na kugundua pungufu alikuwa anajua tangu zamani. Kompyuta ilimwongezea kasi tu. Leo anatunza hesabu za maduka matatu hapa mjini. Hakutoa ada hata shilingi moja, na kijana yule alikuwa akiswali safu ya pili siku zote. Nilimjua, lakini sikuwahi kumuuliza anafanya kazi gani.

Basi naomba tutoke na jambo moja. Kila mwenye ujuzi wa fani hizi aandike jina lake kwa katibu wa msikiti, ili anayekuja na tangazo mkononi apelekwe kwa mjuzi kabla hajatoa fedha. Na wenye wasaa wafungue mfuko wa mikopo mizuri isiyo na riba kwa ajili ya ada. Nami, anayenijia kuanzia leo nitamwambia kwanza: sijui, twende tukaulize.

Tunamuomba Allah atupe elimu yenye manufaa, riziki njema na amali yenye kukubaliwa, na atusamehe tuliyowashauri wenzetu kwa ujinga. Amin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.