Bunduki za Somalia: Nani Anyang'anywe Kwanza?

(Mazungumzo na wanakisomo waliohitimu)



Juma lililopita, tulipokuwa tukifunga madaftari, mzee mmoja alituuliza swali. Alisikia redioni habari za majeshi ya kigeni yanayokwenda katika nchi za watu kukusanya silaha. Akasema: "Hivi ninyi walimu, mkija mkachukua gobole langu, na la jirani yangu mkaliacha, mimi usiku nitalala?" Watu wakacheka. Sisi tulicheka kidogo tu, maana swali hilo ndilo lililoyashinda majeshi makubwa kule Somalia mwaka 1992 na 1993. Tuliahidi kulizungumza leo.

Somalia mnaijua. Ukipita Kenya ukaendelea kaskazini kwa njia ya pwani, unafika Kismayu, kisha Barawa, kisha Mogadishu. Nchi ile ilitawaliwa na Jenerali Siad Barre tangu mwaka 1969. Jeshi lake lilipewa silaha na Warusi mpaka 1977. Walipogombana, Wamarekani wakaingia mahali pao, nao wakaleta za kwao. Mwezi Januari 1991 Siad Barre alifukuzwa Mogadishu. Yeye alikimbia, lakini bunduki hazikukimbia. Maghala ya jeshi yalivunjwa, kila kikundi kikabeba kilichoweza, na vikundi vyenyewe vilifuata koo za watu. Kufikia mwisho wa mwaka huo, Ali Mahdi Mohamed na Jenerali Mohamed Farrah Aidid walikuwa wanapigana wao kwa wao katika mji mmoja wa Mogadishu.

Sasa tuwatazame wakulima. Kusini ya Somalia kuna mito miwili, Juba na Shabelle. Hapo ndipo penye mahindi na mtama. Wakulima wa huko wengi wao hawakuwa na bunduki. Vikundi vikapita na kurudi, vikafukua maghala ya nafaka yaliyochimbwa ardhini, vikachukua na mbegu. Halafu ukame ukawa juu yake. Mtu ambaye mbegu yake imeliwa na mwenye bunduki, hata mvua ikinyesha atapanda nini? Inakadiriwa kuwa watu karibu 300,000 walikufa. Mji wa Baidoa, ulio katikati ya nchi ya wakulima, ulijaa maiti za watu waliokuja kutafuta uji.

Chakula cha msaada kilikuwako. Toka Agosti 1992 ndege za Wamarekani zilikuwa zikikibeba kutoka Mombasa. Meli nazo zilikuja. Taabu ilikuwa njiani, kutoka bandarini hadi mdomoni mwa mtoto. Kila kizuizi cha barabara kilidai fungu lake. Vijana wenye kutafuna mirungi walikaa juu ya pikapu zilizofungwa bunduki za rashasha, nyingine hata mizinga ya kutungulia ndege. Mashirika ya misaada yalilazimika kuyakodi magari hayo hayo yawe walinzi. Inasemwa kuwa katika vitabu vya hesabu malipo yake yaliandikwa kama gharama za ufundi. Sisi tuliowahi kufundisha hesabu za vyama vya ushirika tunalijua neno hilo la "gharama nyinginezo".

Tarehe 3 Desemba 1992 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likakubali majeshi yaingie kwa nguvu ili chakula kipite. Usiku wa kuamkia tarehe 9, askari wa Marekani waitwao Marine, ambao hufundishwa kupigana wakitokea baharini, walishuka pwani ya Mogadishu. Waandishi wa habari walikuwa wamewatangulia, wamesimama mchangani na taa zao za kamera. Askari wamejipaka masizi usoni ili wasionekane, na huku wanamulikwa kama maharusi! Nchi nyingine zilituma askari pia, na kwa jumla walifika karibu 37,000. Tarehe 16 walikuwa Baidoa. Misafara ya chakula ikaanza kupita, na hilo tusilifiche: watu wengi waliokuwa wafe hawakufa.

Lakini bunduki je? Hapo ndipo penye swali la mzee wetu.

Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati ule, Boutros Boutros-Ghali wa Misri, alitaka silaha zote zikusanywe kabla Wamarekani hawajaondoka. Wamarekani wakasema: sisi tumetumwa kulisha watu, hatukutumwa kuinyang'anya nchi nzima silaha. Basi wakashika njia ya katikati. Bunduki isionekane barabarani. Pikapu za rashasha zisitembee. Vizuizi viondolewe. Silaha kubwa za kila kikundi zikae katika maghala yanayojulikana, na askari wa kigeni wazikague. Anayeonekana na bunduki njiani, ananyang'anywa.

Mnaona ugumu wake? Wale walinzi wa mashirika ya misaada nao walikuwa na bunduki. Askari wa Marine wakawanyang'anya na wao, na watu wa misaada wakalalamika kwamba mchana Wamarekani wapo, lakini usiku mwizi akija watajitetea kwa nini. Ikabidi kutoa vyeti vya kuruhusu walinzi kubeba silaha. Na huyo ambaye si mlinzi wa mtu? Yeye alifanya kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Aliificha bunduki ndani, akatoka barabarani mikono mitupu. Vikundi navyo vilikwisha peleka magari mengi ya vita mbali na mji.

Mara nyingine nguvu ilitumika hasa. Tarehe 7 Januari 1993, baada ya kupigwa risasi, askari wa Marine walishambulia maghala ya silaha ya Aidid hapo Mogadishu kwa vifaru na helikopta, wakachukua zilizokuwamo. Siku nne baadaye waliingia soko la Bakara. Soko hilo liliuza nguo, nafaka, dawa, na bunduki pia, waziwazi, kama sisi tunavyouza majembe. Walizibeba nyingi.

Kisha yakatokea ya Kismayu. Mji huo uligombaniwa na watu wawili: Kanali Omar Jess, aliyekuwa upande wa Aidid, na Jenerali Morgan, mkwe wa Siad Barre. Silaha kubwa za Jess zilikuwa zimewekwa ghalani chini ya ulinzi wa askari wa Ubelgiji na Marekani. Mwezi Februari 1993 watu wa Morgan walipenya mjini na silaha ndogo walizozificha, wakawapiga watu wa Jess. Habari zilipofika Mogadishu, wafuasi wa Aidid walimiminika barabarani wakirusha mawe na kuchoma matairi. Wakasema majeshi ya kigeni yamemfunga mmoja mikono ili mwenzake ampige. Majeshi hayakukusudia hivyo. Lakini aliyepigwa haulizi kusudi.

Mwezi Mei 1993 kazi ikakabidhiwa kwa jeshi la Umoja wa Mataifa lenyewe, lenye nguvu ndogo kuliko lile la kwanza lakini lililopewa amri kubwa zaidi: sasa silaha zikusanywe kweli. Tarehe 5 Juni askari wa Pakistan walikwenda kukagua maghala ya Aidid, mojawapo likiwa kwenye kituo cha redio. Watu wakaamini redio inanyakuliwa. Wapakistani 24 waliuawa siku hiyo. Tangu hapo ikawa vita ya kumsaka Aidid, mpaka tarehe 3 Oktoba walipouawa Wamarekani 18 na Wasomali mamia, wakiwamo wanawake na watoto. Wamarekani wakaondoka Machi 1994, na Umoja wa Mataifa Machi 1995. Bunduki zilizofichwa zikatoka tena.

Mzee wetu, kwa maoni yetu jibu ni hili: hungelala. Na jirani yako naye, akichukuliwa la kwake na la kwako likaachwa, hangelala. Magobole yote mawili yangechukuliwa siku moja, na mchukuaji angekaa kijijini mpaka mpate mgambo wenu wenyewe mnaowaamini, hapo labda. Kule Somalia mchukuaji alikuja na tarehe ya kuondoka mfukoni, na kila mwenye bunduki aliijua.

Mama mmoja hapa mbele anauliza: na wale wakulima wa mtoni waliishia wapi? Mama, baadhi yao wako karibu kuliko unavyodhani. Kando ya mto Juba kulikuwa na Wazigua, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka huku kwetu katika karne ya 19. Kizigua chao walikuwa nacho bado. Vita ilipowaondoa mashambani, wengine walipita Kenya, wengine wakaja kwa mashua mpaka Tanga. Walipokelewa wilayani Handeni, baadaye wakapewa mahali pa kulima huko Chogo, na wengi wamepata uraia wa Tanzania.