CHOZI, KIBARUA WA MAUA



Asubuhi katika mitaa ya Kaloleni, Bahati na Makadara, asimamaye karibu na mgomba au mshubiri uliochanua huweza kumwona ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda kama mundu. Ndiye chozi. Dume la aina moja hung'aa buluu na kijani kichwani na mgongoni. Jike lake ni la kijivu tu. Uzito wake ni gramu 7 hivi.

Wako wamdhaniao kuwa ndiye ndege mvumaji wa Marekani, ambaye mabawa yake huvuma kama nyuki. Sivyo. Mvumaji hupatikana katika nchi za Marekani peke yake, na aliye mdogo kupita wote, wa kisiwa cha Cuba, ana uzito wa gramu 2 hivi. Yeye aweza kusimama hewani mbele ya ua, na hata kuruka kinyumenyume. Chozi ni wa jamii ya ndege waimbao. Husimama hewani kitambo kidogo tu, na mara nyingi hutua kwanza ndipo anywe. Ndege hawa si wa ukoo mmoja, ila kazi yao ni moja, nayo imewapa maumbile ya kufanana.

Kazi yenyewe ni kama ya kibarua: ajira ya leo huliwa leo. Maji matamu ya maua hutia nguvu upesi, na nguvu hizo huisha upesi vilevile. Usiku wa baridi wavumaji wengi huacha miili yao ipoe na mapigo ya moyo yapungue, ili akiba ifike alfajiri. Baadhi ya chozi wa milimani nao hupunguza joto la mwili wakati wa usiku.

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Frank Gill na Larry Wolf, walitangaza hesabu ya matumizi ya chozi mwenye mabawa ya dhahabu, waliyemchunguza hapa Kenya. Waliona kwamba kila mmoja hulinda shamba lake la maua. Mashamba hayakulingana kwa ukubwa, lakini kila moja lilikuwa na maua kama 1,600, yaani posho ya siku moja. Kumfukuza mgeni kwa saa moja hula nguvu mara tatu kuliko kutafuta chakula kwa saa hiyo. Kwa hiyo chozi hagombani ovyo: maua yakiwa tele kila mahali, au yakiwa makavu, huacha ulinzi, kwa maana gharama ingeshinda faida.

Kiota chake ni mfuko unaoning'inia, uliofumwa kwa majani makavu na kufungwa kwa utando wa buibui, pengine karibu kabisa na mlango wa nyumba. Makinda hulishwa buibui na wadudu wadogo.

Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, nayo iliachiwa viwanja vya wazi na miti. Leo katika Eastlands nyumba za ghorofa zinachukua nafasi ya nyumba za zamani, na nyua nyingi zimetiwa saruji. Kwa ndege asiye na akiba, kila ua linalong'olewa ni posho iliyokatwa. Yafaa basi wazazi wawakataze watoto kupiga viota kwa manati, na kila mwenye uwanja, hata mwenye mkebe mmoja wa udongo, apande mshubiri. Haba na haba hujaza kibaba.