Anatutetea Sisi, Anamdharau Dada Yetu

Matini ya mtangazaji. Imerekodiwa Ngagara, Bujumbura.

[MUZIKI WA KUFUNGULIA. UNASHUSHWA POLEPOLE CHINI YA SAUTI.]

MTANGAZAJI:

Salamu kwenu mlioko Bwagiriza, Kavumu, Kinama, Musasa, Nyankanda na Musenyi. Salamu kwenu mnaopanga vyumba hapa mjini, kuanzia Buyenzi na Buterere hadi hapa Ngagara tunaporekodia. Na salamu kwa vikundi vya wasikilizaji mliokaa pamoja, redio moja katikati.

Leo mada ni rap. Mama zetu, baba zetu, tafadhali msizime redio. Muziki ni wa vijana, lakini wanaoumizwa na maneno yake ni watoto wenu.

Swali letu ni hili. Yuko msanii anayesema yale sisi tunaogopa kusema. Anakemea vita, anakemea rushwa, anamtetea maskini na mkimbizi. Tunampenda, na tuna sababu. Halafu katika ubeti unaofuata, msanii huyohuyo anamtukana mwanamke kwa kuwa ni mwanamke tu. Tumfanyeje mtu huyo? Tuzime? Tukae kimya kwa sababu ni wa upande wetu?

Swali hili halikutoka mbali. Kundi moja la vijana wakimbizi wanaofanya mazoezi hapa kartie lilituletea wimbo, likaomba tuurushe. Beti mbili za kwanza ni za mgao uliopunguzwa, za foleni ya jua kali, za baba aliyekuwa mwalimu kule nyumbani na leo anahesabu vikombe vya maharage. Ni beti nzuri, na hapa studio watu walinyamaza kuzisikiliza.

Ubeti wa tatu ukageuka. Unamhusu msichana aliyemkataa kijana. Anaitwa majina ambayo sitayarudia hewani. Anaambiwa kwamba anajifanya wa bei ghali, kumbe bei yake inajulikana: kipande cha sabuni na vocha ya simu. Baadhi yetu walicheka. Wengine waliinamisha kichwa. Tukabishana mpaka jioni, na mabishano hayo ndiyo ninayowaletea.

[MUZIKI MFUPI]

Waliotetea ubeti ule walikuwa na hoja, na ni haki nizieleze.

Hoja ya kwanza: ni utani tu, wasichana wamezidi kuwa wepesi wa kukasirika. Sawa, utani tunaujua. Kwetu kuna utani wa makabila, utani wa babu na mjukuu, utani wa shemeji. Lakini utani wa kwetu una sharti lake: ninayemtania naye ana ruhusa ya kunitania, tena mbele za watu. Msichana amesimama bombani na dumu lake, vijana watano wanamwimbia ubeti ule wakipiga makofi. Atajibu nini? Akijibu, anaitwa malaya. Akinyamaza, amekubali. Pale ambapo mmoja tu ndiye mwenye haki ya kusema, hapana utani tena. Hapo kuna kuonewa.

Hoja ya pili: rapa anasema ukweli wa mtaani, hakuubuni. Wasichana wanaopewa sabuni wapo. Ndiyo, wapo, na sote tunajua. Lakini ukweli huo una watu wawili. Yuko msichana asiye na sabuni, na yuko mtu mzima mwenye sabuni anayedai kulipwa kwa mwili. Wimbo umemtaja nani? Msichana. Mwenye sabuni hakuguswa hata kwa neno moja. Huo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye mkosaji.

Hapa ndipo mimi binafsi niliona tatizo la wimbo ule. Katika beti mbili za kwanza rapa anasema: njaa hii si aibu yetu, aibu ni ya waliotuleta hapa. Katika ubeti wa tatu anamwambia msichana: njaa yako ni aibu yako. Njaa ni ileile, kambi ni ileile. Kwa baba anaona dhuluma, kwa binti anaona tabia mbaya. Wazee walisema nyani haoni kundule. Wimbo ule unaona makosa ya dunia nzima isipokuwa ya mwenye kuimba.

Hoja ya tatu: mbona wasichana wenyewe wanaucheza? Wanacheza mdundo, na mdundo ni mtamu kweli. Lakini tulipowauliza wasichana wa hapa peke yao, bila kaka zao kuwepo, walisema kwamba asiyecheza huonekana mwenye kiburi, na mwenye kiburi ndiye atakayeimbiwa kesho. Basi kucheza kwao si jibu.

Hoja ya nne ndiyo nzito. Inasema: huyu ni mtetezi wetu. Tukimkosoa hadharani, tunawapa fimbo wale wanaotaka anyamaze. Hoja hii tusiidharau. Tuipime kwa mifano ya wasanii mnaowajua.

[MUZIKI MFUPI]

Wa kwanza ni Tupac Shakur. Picha yake mmeiona kwenye fulana za mitumba na kwenye ukuta wa kinyozi. Alikuwa Mmarekani mweusi, mama yake Afeni alikuwa mwanachama wa Black Panther, na aliimba juu ya umaskini na ubaguzi. Mwaka 1993 alitoa wimbo Keep Ya Head Up, unaowatia moyo wanawake maskini na kuwauliza wanaume kwa nini wanawadharau waliowazaa. Mwaka 1995 alitoa Dear Mama, wa kumshukuru mama. Lakini katika albamu ileile ya 1993 yenye Keep Ya Head Up, umo pia I Get Around, ambamo wanawake ni wa kuchukuliwa na kuachwa. Ni mtu mmoja, albamu moja. Na Desemba 1994 mahakama ya New York ilimkuta na hatia ya kumdhalilisha mwanamke kingono. Yeye alikana mpaka alipouawa mwaka 1996.

Tujifunze nini hapo? Kwamba mtu anaweza kumheshimu mama yake kwa moyo wote na asimheshimu binti wa mwenzake. Vijana wengi wako hivyo. Ukimgusa mama yake, mtapigana. Lakini msichana anayepita njiani hamhesabu kuwa naye ni mtoto wa mtu, na kesho atakuwa mama wa mtu.

Wa pili ni jirani yetu, Roma Mkatoliki wa Tanzania. Alijulikana kwa mashairi yanayowakosoa wenye madaraka. Aprili 2017 yeye na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio jijini Dar es Salaam, wakaonekana baada ya siku kadhaa. Kisha akatoa wimbo Kibamia, wa utani juu ya maumbile ya siri. Machi 2018 Naibu Waziri Juliana Shonza alitangaza kumfungia Roma miezi sita kwa sababu ya wimbo huo. Serikali ilisema unamdhalilisha mwanamke, na kwamba msanii alitakiwa kuurekebisha lakini hakufanya hivyo.

Sasa fikirini nyinyi wenyewe. Msanii aliyepitia masaibu yale, anafungiwa na serikali. Shabiki wake atajadili nini? Atajadili serikali. Atauliza kama ananyamazishwa. Swali la mwanamke na heshima yake linapotea katikati ya vumbi la mafahari wawili. Mwanamke alichekwa ndani ya wimbo, kisha akatajwa kama sababu ya adhabu, na katika hayo yote mawili hakupewa nafasi ya kusema yeye. Tena rungu la kufungia halichagui: mwaka 2020 Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania lilimfungia miezi sita rapa wa kike, Rosa Ree, kwa sababu ya video. Ukimpa mkubwa rungu akulinde heshima, usishangae likikurudia.

Kwa hiyo wale wa hoja ya nne wana haki kidogo. Marufuku ya kutoka juu mara nyingi humfanya msanii kuwa shujaa na humwacha msichana palepale bombani.

Lakini kuna njia nyingine, na mfano wake ni wa tatu. Damso alizaliwa Kinshasa mwaka 1992, akaenda Ubelgiji na familia yake akiwa mtoto. Anaimba juu ya ubaguzi wa rangi na maisha ya mtu aliye mbali na kwao. Vijana wa Bujumbura na wa Kivu wanaojua Kifaransa wanamfahamu vizuri. Shirikisho la mpira la Ubelgiji lilimchagua atunge wimbo wa timu ya taifa kwa Kombe la Dunia la 2018. Baraza la wanawake wanaosema Kifaransa nchini humo likapinga, likionyesha jinsi nyimbo zake zinavyowataja wanawake. Wadhamini nao wakalalamika. Machi 2018 shirikisho na Damso wakaachana na mpango ule.

Angalieni tofauti. Damso hakufungwa wala hakuzuiwa kuimba. Mwaka huohuo alitoa albamu mpya. Alichokosa ni kitu kimoja tu: kuimba kwa jina la watu wote. Timu ya taifa ni ya wanawake pia. Nao walisema: imba unavyotaka kwa jina lako, lakini si kwa jina letu. Na waliosema ni wanawake wenyewe, hawakusemewa na waziri.

[MUZIKI MFUPI]

Turudi kwenye wimbo wetu wa Ngagara. Kipaza sauti hiki ninachosemea si changu, wala si cha wale vijana. Ni cha kila mtu aliye kambini, pamoja na yule msichana wa ubeti wa tatu. Ndiyo maana hatukuurusha ulivyo. Wala hatukuwafukuza. Tuliwaita wakae na wasichana wanne wa kikundi cha maigizo, wausikilize wimbo wote pamoja, kisha wasichana waseme na wao wasikie bila kukatiza.

Mmoja wa wasichana aliwauliza swali moja tu: yule mwenye sabuni, mbona hamkumwimba? Mwandishi wa ubeti alikaa kimya kidogo, halafu akasema ukweli. Alisema kumwimba mwenye sabuni ni hatari, kumwimba msichana hakuna hatari yoyote.

Wasikilizaji, jibu hilo lilikuwa la kweli kuliko ubeti wenyewe. Rap tunaipenda kwa sababu ya ujasiri. Lakini hakuna ujasiri wowote katika kumsema asiyeweza kukujibu. Kila mkimbizi anayesikiliza anajua inavyokuwa kusemwa na watu wakubwa bila nafasi ya kujibu, kuitwa majina, kuambiwa kwamba shida yako umejitakia. Tulikimbia maneno kabla ya kukimbia risasi. Je, tuyabebe tena sisi wenyewe, tuyatwishe dada zetu?

Vijana wale wameomba muda. Hawajaahidi kitu, nasi hatukuwalazimisha. Mmoja wao bado anasema tunaua sanaa, na ana haki ya kusema hivyo hewani wiki ijayo. Ubeti mpya ukija mtausikia. Usipokuja, mtazisikia beti mbili za kwanza, kama wenyewe wataridhia, kwa maana zile ni za kweli na hatutaki zipotee.

Kabla ya kufunga, neno muhimu kwa kila msikilizaji. Msaada ni bure. Chakula, sabuni, dawa, kuandikishwa: hakuna hata kimoja kinachouzwa, na hakuna anayeruhusiwa kukudai mwili wako ili upate haki yako. Mfanyakazi wa shirika, kiongozi wa kartie, mlinzi, yeyote yule akikudai hivyo, kosa ni lake, si lako. Mwone mfanyakazi wa ulinzi unayemwamini, au tumia njia ya malalamiko iliyopo kambini kwako. Unaweza kwenda na mtu wa kukusindikiza, na jina lako litafichwa.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji, mjadili baada ya kipindi:

Kwanza: kuna wimbo gani mnaoupenda ambao hamwezi kuuimba mbele ya mama yenu na dada yenu, na kwa nini?

Pili: kijana akimwimbia msichana bombani, nani kati ya wanaosikia ana wajibu wa kusema basi?

Tatu: wasichana, kama mngepewa ubeti wa tatu wa wimbo ule, mngeandika nini?

Swali hili la tatu linahitaji karatasi na kalamu. Waandikieni wahamasishaji wetu, watatuletea hapa Ngagara. Ubeti mzuri tutausoma hewani, bila jina kama mwandishi hataki litajwe.

Mimi ni mtangazaji wenu, mkimbizi mwenzenu. Tubaki na amani.

[MUZIKI WA KUFUNGIA. UNAPANDISHWA, KISHA UNAZIMWA.]